Kivuli na Haki

Hakuna mtu aliyepata kulishitaki jua. Tangu kale binadamu amelipokea joto kama alivyoipokea mvua na giza: alivumilia lilipozidi, akashukuru lilipopungua, wala hakutafuta mtu wa kumlaumu. Uvumilivu huo ulikuwa na hekima yake, maana jambo lisilo na mkono wa mtu ndani yake halina hukumu, lina subira tu. Kiangazi hakina dhambi, na jua la saa sita halimchukii yeyote. Walakini katika zama hizi habari imegeuka. Sehemu ya joto linalompata mtu sasa imetengenezwa hapa duniani: nyingine kwa moshi wa mitambo ya nchi za mbali, nyingine kwa shoka la jirani, nyingine kwa paa la nyumba yake mwenyewe. Na jambo lolote likiisha kupitia mkono wa mtu, huingia katika mlango wa haki. Hapo ndipo linapozaliwa swali lipasalo kufikiriwa: kivuli ni mali ya nani, na aliyekiondoa ana deni gani kwa aliyebaki juani?

Swali hili laweza kuulizwa popote, lakini ni vema liulizwe mahali panapojulikana, ili maneno yasielee hewani. Mabogini ni mahali pafaapo. Kata hii ya Wilaya ya Moshi iko kusini mwa mji, katika tambarare ambako mteremko wa Kilimanjaro hukoma. Asimamaye katika majaruba ya mpunga asubuhi, mawingu yakiwa hayajapanda, huona kilele cha Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, kwa umbali usiofika kilometa 50. Katika mwendo huo mfupi pana mpunga na miwa, pana vihamba vya ndizi na kahawa, pana msitu, pana vichaka vya baridi, pana mawe matupu, na mwisho pana barafu. Mvua nyingi kuliko zote huangukia msitu wa upande wa kusini, yapata kimo cha mita 2,200. Tambarare hupata sehemu ndogo tu, na maisha yake hutegemea chemchemi na mito itokayo juu. Kwa hiyo Mabogini ni mahali pa kupokea: hupokea maji ya mlima, hupokea joto la tambarare, na sasa hupokea nyumba za mji unaotanuka.

Watu wengi wakizungumza habari za mabadiliko ya tabianchi katika mlima huu, hutaja barafu. Wana sababu. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilipimwa ikaonekana kuenea yapata kilometa 12 za mraba. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Ni msiba wa kweli, na macho yanaushuhudia. Hata hivyo wataalamu waliochunguza maji ya mlima wameonyesha kwamba mito haitegemei barafu kwa sehemu kubwa. Hutegemea mvua na ukungu unaonaswa na miti ya msituni. Moto uliorudiarudia tangu miaka ya 1970 umekula sehemu kubwa ya msitu wa juu, na mwezi wa Oktoba 2020 moto mwingine uliwaka kwa siku nyingi katika vichaka vya mlimani. Mti unaonasa ukungu haupigwi picha kama ipigwavyo theluji, lakini kazi yake ni kubwa zaidi. Hapa pana funzo la kwanza la maadili: ni rahisi kuulilia weupe ulio mbali, na ni vigumu kuulilia mti ulio uani. Machozi ya barafu hayamgharimu mtu kitu. Machozi ya mti humwuliza alikuwa wapi ulipokatwa.

Ili deni lijulikane, yapasa kwanza ijulikane namna joto linavyotengenezwa. Mwaka 1818 Mwingereza Luke Howard alianza kuchapisha kitabu chake juu ya hali ya hewa ya London, akaonyesha kwa vipimo vya kila siku kwamba mji ulikuwa na joto kuliko mashamba yaliyouzunguka, na kwamba tofauti hiyo ilionekana zaidi usiku. Sababu zake si siri. Lami na saruji huweka akiba ya joto la mchana na kuitoa polepole gizani. Bati halina akiba, bali likipigwa na jua humwagia joto lake aliye chini yake, hata chumba kisicho na dari hugeuka tanuri. Kuta zilizosongamana huzuia upepo. Lakini sababu kubwa ni kitu kisichokuwapo: maji yanayokuwa mvuke. Kila mtu aliyelelewa na mtungi wa udongo anaijua elimu hii bila ya kwenda shule. Maji ya mtungi hupoa kwa kuwa mtungi hutoa jasho, na jasho likikauka huchukua joto na kwenda nalo. Mti ni mtungi uliosimama. Jaruba la mpunga ni mtungi uliolala. Mti ukikatwa na jaruba likifukiwa, mtungi umevunjwa, na aliyeuvunja hakuvunja wake peke yake, kwa sababu hewa iliyopoa haikuwa na uzio.

Juu ya joto hili la mji limewekwa joto jingine la dunia nzima. Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa palikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ukaa. Sasa zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa, na wastani wa joto la dunia ulizidi kwa nyuzi 1.5 hivi ule wa miaka ya 1850 hadi 1900. Aliyeyachoma makaa na mafuta hayo si mkulima wa Mabogini. Mchango wa Tanzania katika moshi wa dunia ni mdogo mno, na wa mtu mmoja mwenye jembe na baiskeli hauna hata kipimo cha kuupimia. Hivyo basi mtu wa Mabogini hukaa chini ya joto mbili: moja alilotengenezewa na watu asiowajua, na moja analotengeneza yeye na majirani zake. Kuzichanganya joto hizi ni kosa la akili. Kuitumia moja kuifichia nyingine ni kosa la moyo.

Madhara yake huwafika viumbe wa namna tatu, nao si sawa katika uwezo wa kukimbia. Binadamu ana miguu na akili: aweza kuhama, kujenga baraza, kubadili saa za kazi, kununua feni. Mnyama ana miguu, lakini hana feni. Mmea hauna kimoja wala kingine. Ulipoota ndipo utakapoishi au kufa. Hapa pana kipimo cha haki kiwezacho kukubaliwa na mtu yeyote mwenye insafu: kadiri kiumbe anavyopungukiwa na uwezo wa kukimbia madhara, ndivyo linavyozidi deni la yule aliyeyaleta.

Kipimo hiki hutenganisha hata binadamu na binadamu. Joto la Januari na Februari humkuta mwenye nyumba ya dari na madirisha yanayotazamana, na humkuta mpangaji wa chumba kimoja chini ya bati. Ni joto moja kwa hesabu ya kipimo, lakini si moja kwa mwili. Mwanamke apandaye mpunga huinama juani miguu yake ikiwa matopeni, na hewa ya jarubani imejaa unyevu, hivyo jasho lake halikauki upesi. Naye, kama mtungi, hupozwa na jasho linalokauka, si na jasho linalotiririka. Mzee, mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa wa moyo miili yao haina nguvu ya kujitetea. Watu hawa wana miguu, lakini kodi ya nyumba, kazi na umri vimewafunga. Atakayesema kwamba joto ni la wote amesema kweli nusu, na kweli nusu mara nyingi huwa kimbilio la mwenye nyumba yenye baraza.

Kwa wanyama mambo huwa hivyo hivyo. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu amezaliwa katika nasaba iliyozoea jua. Ng'ombe wa maziwa wa asili ya Ulaya hakuzaliwa hivyo. Joto likizidi hutweta, hupunguza kula, na maziwa yake hupungua. Kuku hana hata jasho. Hufumbua mdomo na kutandaza mbawa, akishindwa hufa. Mnyama wa porini hutafuta kijito au kivuli, lakini mnyama wa zizini amenyang'anywa miguu yake kwa kamba na ukuta. Kwa sababu hiyo amfungaye mnyama amejifunga mwenyewe: aliichukua hiari ya mnyama, basi ameirithi na kazi ya kumtafutia kivuli na maji. Deni hili si la huruma, ni la mkataba; mnyama ametimiza sehemu yake kila asubuhi akamuliwapo.

Wako tena wanyama wasiofungwa na mtu lakini wamezungukwa. Karibu na Mabogini umo Msitu wa Rau, unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi yatokayo mlimani. Ndani yake umo mti adimu ambao wataalamu wameupa jina la Oxystigma msoo, wakilichukua jina walilolikuta midomoni mwa wenyeji. Humo pia wamo mbega, wakaao matawini. Msitu huo sasa ni kisiwa baina ya mashamba na nyumba. Mbega hawezi kupita juu ya mabati kwenda msitu wa mlimani, na msoo hauwezi kung'oka ufuate maji yakizama zaidi. Viumbe hawa hawakufungwa kamba, lakini njia zao zimefungwa. Na kufunga njia ni ndugu wa kufunga kamba.

Ama mimea, madhara yake huja kwa kimya, na zaidi huja usiku. Mmea hufanya kazi mchana na kula akiba yake usiku. Usiku ukiwa wa joto, mmea hupumua kwa haraka na kutumia kilichopasa kuwa punje au tunda. Mwaka 2004 uchunguzi wa taasisi ya mpunga iliyoko Ufilipino ulionyesha kwamba kila uzi mmoja wa joto ulioongezeka usiku katika kiangazi ulifuatana na upungufu wa yapata asilimia 10 ya mavuno. Mbegu ya IR54, iliyolimwa sana katika majaruba ya Mabogini, ilitoka katika taasisi hiyo hiyo. Mwaka 2015 uchunguzi mwingine, uliohusu kahawa ya Tanzania, ulionyesha kwamba joto la usiku lililopanda katika nyanda za kaskazini linahusiana na kushuka kwa mavuno. Kahawa ya arabika ni mwana wa kivuli: asili yake ni misitu ya Uhabeshi, chini ya miti mirefu, nayo hustawi penye nyuzi 18 hadi 22 hivi. Wachagga walimpa malezi yaliyofanana na ya kwao, wakampanda chini ya migomba, na migomba chini ya miruka na miringaringa. Kihamba ni ghorofa za vivuli. Waliokianzisha hawakuwa na kipimajoto, lakini walijua kwamba kinachoishi chini huishi kwa idhini ya kilicho juu.

Huenda mtu akasema: mlima upo, basi na vipande juu. Ni kweli kwamba mimea na wadudu huweza kupanda kidogo kidogo kufuata baridi. Lakini mlima si ngazi isiyo na mwisho. Umbo lake ni la pia: kila unapopanda ardhi hupungua, na mwisho huwa hakuna ardhi tena. Mkulima wa kahawa akipanda hukutana na mpaka wa hifadhi ya taifa, iliyotangazwa mwaka 1973 na kuunganishwa na msitu wote mwaka 2005. Na mpaka huo una haki ya kuwapo, maana msitu ukilimwa mto wa tambarare hukauka. Kwa hiyo mlima wenyewe huyakanusha mawazo ya kwamba madhara yaweza kukimbiwa daima. Mahali fulani kukimbia hukoma, na kulipa huanza.

Sasa yapasa isikilizwe hoja ya upande wa pili, tena isikilizwe kwa adabu, kwa sababu ni hoja nzito. Mwenye jaruba anaye mtoto wa kusomesha na mgonjwa wa kutibu. Jaruba humpa magunia kadhaa kwa msimu, maji yakipatikana. Kiwanja humpa fedha leo. Mnunuzi naye hatafuti anasa, anatafuta mahali pa kulaza watoto asilipe kodi. Atakata mwembe kwa kuwa mizizi yake inaingia msingini, ataezeka bati kwa kuwa makuti yanavuja na vigae ni ghali. Ni haki gani kumhukumu mtu huyu, hali waliochafua hewa ya dunia kwa miaka mia mbili wamekaa katika nyumba zinazopozwa kwa umeme?

Hoja hii ina kweli kubwa. Madeni si sawa, na kuyataja kana kwamba ni sawa ni dhuluma mpya juu ya ile ya zamani. Mwaka 2022 huko Sharm el-Sheikh, nchini Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na madhara kwa nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi. Lakini mataifa tajiri yalijihadhari yasiziite fedha hizo fidia, maana fidia hukiri kosa. Tofauti hii si ya maneno tu. Sadaka humpa mtoaji shukrani na humpa hiari ya kuacha atakapo. Deni halimpi hiari, na likilipwa hakuna wa kushukuriwa. Mtu wa Mabogini ana haki ya kudai wala asiombe. Dawa ya deni ni kulipa, si kutoa sadaka.

Hata hivyo hoja hiyo haifiki mwisho wa safari. Mtu mmoja aweza kuwa mdai na mdaiwa kwa wakati mmoja, na kudai kwake hakufuti kudaiwa kwake. Anayedai shilingi elfu kwa tajiri hajapata ruhusa ya kumnyima yatima shilingi yake kumi. Deni lake ni dogo, na kwa udogo wake lalipika: mti mmoja uani, dari ya mikeka chini ya bati, tundu la kupitisha upepo, zizi lililoelekezwa upande wa kivuli. Tena waanaomdai hawawezi kumngojea. Mithali husema, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa mnada na kwa mkutano wa kijiji ni mithali ya kweli, lakini kwa haki ni onyo, si kanuni. Kwa kuwa mti, mbega, ng'ombe na mtoto ambaye hajazaliwa hawako mkutanoni siku ya kukata viwanja, na lao lipo.

Watu wa Mabogini hawahitaji kufundishwa jambo hili na mgeni, kwa sababu limekwisha kuwapata katika maji. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani, ulikamilika mwaka 1987. Mavuno yalikuwa makubwa, na sifa ikapanda mteremko. Wakulima waliokuwa juu ya banio nao wakafungua majaruba yao, wakavuta maji ya mto Rau na ya chemchemi za Njoro kabla hayajafika chini. Maji yakapungua, na eneo la mpunga katika mradi likasinyaa. Wa juu hawakuwa wezi. Walikuwa wakulima kama wenzao, na kila mmoja alichukua kidogo. Lakini kidogo cha wengi ni kingi, na wa juu haoni ukame wa chini, kwa sababu maji yaendapo hayarudi kumsimulia. Joto la dunia ni habari hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa: wako wa juu na wako wa chini, na aliye juu hufungua bila ya kuona. Tofauti ni kwamba katika mambo ya maji, Mabogini inajua kuwa iko chini. Katika mambo ya kivuli husahau kwamba nayo ina wa chini yake.

Katika mifongo, yaani mifereji ya kale ya Wachagga, palikuwa na kanuni nyepesi kutamka: maji hupatikana kwa zamu, na asiyekuja kuuzibua mfereji hana zamu. Kanuni hiyo haikuufanya mfereji kuwa mali ya mtu, wala haikuuacha uwe wa bure. Iliufanya uwe wa kazi. Kivuli chafaa kuwa hivyo. Aketiye chini ya mwembe wa barabarani anakaa katika kazi ya mtu aliyepanda asijue ni nani atakaa. Hawezi kumlipa, maana huenda amekufa. Njia iliyobaki ni kumlipa ajaye. Deni la kivuli halirudi nyuma, huenda mbele.

Wachagga wana mmea uitwao isale. Hupandwa mpakani mwa kihamba, uonyeshe cha huyu kinaishia wapi na cha yule kinaanzia wapi. Jani la mmea huo huo huchukuliwa na aliyekosa, akalipeleka kwa aliyekosewa kuomba msamaha, na desturi haimruhusu aliyepelekewa kulikataa. Mpaka na msamaha vimetolewa katika shina moja. Maana yake, kama akili ikiruhusiwa kuisoma, ni kwamba mpaka huonyesha mwisho wa mali ya mtu, lakini hauonyeshi mwisho wa madhara yake. Joto huvuka isale bila ya hodi. Lakini jani la isale halitoshi peke yake pale ambapo aliyekosewa ni ng'ombe, ni mpunga, au ni mtoto wa kesho, kwa kuwa hao hawawezi kulipokea mkononi. Kwao hao msamaha huombwa kwa jembe, kwa mche na kwa maji ya kuumwagilia kila jioni, mpaka utakapoweza kusimama wenyewe.